Kahawa ya Saa Kumi, Macho ya Saa Nane

Kikombe cha kahawa chungu kinajaa kwa vijiko 11 vya dawa ya mtoto. Nimekipima mwenyewe. Nilikiazima kwa mzee anayetuuzia kahawa kijiweni kwetu Magomeni, nikakimiminia maji kwa kile kijiko cha plastiki kinachokuja na chupa ya dawa ya kikohozi, mililita 5 baada ya mililita 5, hadi yakagusa ukingo. Jumla mililita 55. Kisha nikaichukua magi yangu ya ofisini, nyeupe, yenye nembo ya semina ambayo sikumbuki ilihusu nini, nikaijaza kwa kikombe cha mzee. Ilimeza vikombe sita na bado ikabaki na nafasi ya maziwa.

Sikuwa nafanya mchezo. Nilikuwa nimetoka kwa daktari. Kwa miezi kadhaa moyo ulikuwa ukinidunda usiku kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango usio wake, na kila ikifika saa nane macho makavu, nahesabu mbao za dari. Daktari aliniuliza swali jepesi: kwa siku unakunywa kahawa ngapi? Nikajibu kwa moyo mweupe kabisa, "Mbili tu, daktari." Hakubishana nami. Alisema niende nikahesabu wiki moja, nirudi.

Nilihesabu kwa njiti za kiberiti. Asubuhi naweka njiti kwenye mfuko wa kulia wa suruali. Kila kikombe, njiti moja inahamia mfuko wa kushoto. Siku ya kwanza, nilipovua suruali usiku, mfuko wa kushoto ulikuwa na njiti 9. Mbili zilikuwa za ofisini, ndizo zile nilizomtajia daktari. Saba zilikuwa za kijiweni, na hizo sikuwa nimewahi kuzihesabu maishani, kwa sababu kijiweni hatunywi kahawa, tunazungumza. Kahawa inapita tu. Na njiti hazikujua habari za chokoleti. Dada yangu anayeishi Ujerumani, kila akija likizo, hunijazia begi chokoleti nyeusi za asilimia 85, na mimi nilikuwa nimezoea kumaliza nusu ya chokoleti ya gramu 100 mbele ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Nayaeleza haya kwa sababu naamini wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wenzangu. Hamtaki kuacha kahawa, wala mimi sitawashauri muache. Mnachotaka ni kulala. Ushauri wa kuacha kabisa ni rahisi kuutoa na mgumu kuufuata, na kwa mtu mzima mwenye afya hauna hata sababu. Kinachotakiwa ni kuijua hesabu, na hesabu yenyewe haina ugumu ukishajua pa kuangalia.

Wengi wetu tunakosea hapo hapo mwanzoni: tunauamini ulimi. Tunaonja uchungu, tunasema "hii kali." Tunaonja kahawa laini yenye maziwa, tunasema "hii haina kitu." Kafeini ni chungu kweli, lakini inachangia sehemu ndogo tu ya uchungu wa kahawa, sehemu kubwa inazaliwa kwenye kikaango. Kahawa iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi tii ni chungu kuliko ile ya rangi ya mdalasini, lakini kafeini yake ni karibu ile ile, kwa kuwa moto wa kukaangia hauigusi sana. Maziwa nayo hayaondoi kitu. Yanapunguza ukali mdomoni, basi. Kapuchino ya mkahawani iliyotengenezwa kwa mkamuo mmoja wa espreso ina kama miligramu 60 za kafeini hata ikifunikwa na povu kama wingu. Ikiwa na mikamuo miwili, ni 120.

Pa kuangalia ni kwenye aina ya buni. Buni zinazonywewa duniani ni za makundi mawili makubwa, arabika na robusta, na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Ya Kilimanjaro, Arusha, Mbozi na Mbinga ni arabika. Kadhalika ya Nyeri na Kirinyaga kwa majirani zetu Wakenya, ya miteremko ya Mlima Elgon, na sehemu kubwa ya kahawa ya Rwanda, Burundi na Kivu. Ya Kagera na ya nyanda za Uganda kwa sehemu kubwa ni robusta. Wahaya na Waganda wanazitafuna buni hizo tangu enzi za mababu: huchumwa, huchemshwa na majani yenye harufu, hukaushwa, kisha mgeni anakaribishwa kwa punje chache mkononi kabla hata hajaulizwa habari za safari. Ni ukarimu mzuri sana. Lakini ukiwa mgeni wa robusta, punje hizo zitafune asubuhi.

Kutokana na tofauti hiyo nimejitengenezea kanuni ninayoweza kuifuata jikoni bila kalamu. Gramu moja ya unga wa arabika inaleta takriban miligramu 10 za kafeini. Gramu moja ya robusta, takriban 20. Kijiko cha chakula kisichofurika kinabeba kama gramu 5 za unga. Kwa hiyo kijiko kimoja cha arabika ni kama 50, na kijiko kimoja cha robusta ni kama 100, uweke maji mengi, uweke machache, uongeze sukari au usiongeze. Kahawa ya kuyeyuka, ile ya kopo, hesabu yake ni nyingine kwa sababu imekwisha kukamuliwa kiwandani: gramu moja ni karibu 30, na kijiko cha chai kilichojaa ni kama gramu 2. Si vipimo vya maabara. Buni hutofautiana shamba kwa shamba. Lakini vinatosha kumwamsha mtu aliyedhani anakunywa kidogo ili aanze kulala.

Nikarudi kwa mzee na swali langu.

"Mzee, shikamoo. Kwenye dele unaweka kahawa kiasi gani?"

"Marahaba. Robo kilo, mwanangu. Nusu ya Bukoba, nusu ya Moshi. Ukiweka ya Moshi tupu wateja wanalalamika haishiki."

Dele lake linachukua lita 5. Robo kilo kwa lita 5 ni kama gramu 50 kwa lita, na kwa mchanganyiko wake wa nusu robusta, nusu arabika, kila kikombe kinatoka na miligramu 40 hivi. Nikafanya hesabu nikiwa nimekaa pale pale kwenye benchi. Vikombe saba vya kijiweni, 280. Magi mbili za ofisini, kila moja vijiko viwili vya chai vya kahawa ya kuyeyuka, 240. Nusu chokoleti, 40. Jumla 560. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidi miligramu 400 kwa siku, wala 200 kwa mkupuo mmoja, na mjamzito au anayenyonyesha asizidi 200 kwa siku nzima. Nilikuwa nimevuka mpaka kwa zaidi ya magi nzima, na zaidi ya nusu ya mzigo wote nilikuwa nikiuingiza baada ya jua kuzama.

Kuna jambo jingine kuhusu dele ambalo sikuwahi kulifikiria hadi siku ile. Dele linakaa juu ya makaa tangu magharibi. Maji yanapanda na mvuke, kafeini haipandi nayo. Kwa hiyo kama muuzaji haongezi maji, kikombe cha saa nne usiku kina nguvu kuliko cha saa moja, wakati wewe ulihitaji kinyume chake. Mzee wetu huongeza maji. Si wote wanaoongeza.

Sasa suala la saa, na kwa maoni yangu hili ni kubwa kuliko hata idadi. Mwilini tunayo kemikali iitwayo adenosini, inayojikusanya taratibu kadiri tunavyokaa macho, na ubongo ukiipokea tunahisi uzito wa usingizi. Kafeini inafanana nayo kiasi cha kukaa kwenye kiti chake. Uchovu haujaondoka, umekosa tu pa kukaa, umesimama mlangoni. Ini ndilo linaloivunja kafeini polepole, na kwa mtu mzima wa kawaida linahitaji kama saa tano kupunguza nusu ya kiasi kilichopo. Ukinywa miligramu 100 saa kumi jioni, saa tatu usiku bado unazo 50, na saa nane usiku, ukiwa umelala au umejilaza tu, zimebaki 25. Watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yao mwaka 2013: waliopewa miligramu 400 za kafeini saa sita kabla ya kulala walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi.

Kwa hiyo usiniulize kama kahawa ya jioni ni mbaya. Uliza unalala saa ngapi, kisha rudi nyuma saa nane. Anayelala saa nne usiku, kikombe chake cha mwisho chenye kafeini kiwe saa nane mchana. Mimi nalala saa tano, kwa hiyo natia kituo saa tisa alasiri. Siku nikivunja kanuni hii naijua adhabu yake, siwezi kumsingizia mbu.

Na usidanganyike kwamba maji mengi yanaiosha, au kuoga maji ya baridi, au ndizi mbivu, au maziwa. Ini halipokei rushwa. Lakini ini la mtu mmoja si sawa na la mwingine. Kuna watu wamezaliwa na ini linalovunja kafeini haraka, wanakunywa kahawa baada ya isha na kukoroma saa nne, usiwaige. Mvutaji sigara huivunja haraka karibu mara mbili, na hapa pana mtego ambao wachache wanaambiwa: siku akiacha sigara, vikombe vile vile alivyozoea vinamkaa mwilini muda mrefu zaidi, anatetemeka, anakosa usingizi, anadhani ni kiu ya sigara. Kumbe sehemu yake ni kahawa. Anayeacha sigara apunguze na kahawa wiki hiyo hiyo. Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango huchelewa kuivunja, na mjamzito huchelewa zaidi kadiri mimba inavyokua, hadi kikombe cha asubuhi kinakesha naye. Antibayotiki ya siprofloksasini, ambayo wengi wetu tumewahi kuandikiwa, nayo huichelewesha. Ukiwa kwenye dozi yake, nusu ya kahawa uliyozoea inakutosha kabisa.

Angalia pia kafeini usiyoijua kuwa ni kafeini. Baadhi ya vidonge vya maumivu vya parasetamoli huongezewa kafeini, miligramu 65 kwa kidonge. Ukimeza viwili wakati wa kulala umekunywa espreso mbili. Soma boksi. Kinywaji cha kuongeza nguvu cha mililita 250 mara nyingi kina 80. Kikombe kikubwa cha chai ya rangi kina kama 40 au 50, na chai ya maziwa iliyochemshwa majani hadi ikawa na rangi ya matofali haiko mbali na hapo.

Nije kwenye chokoleti, maana hapa mambo yanageuka. Nimesema uchungu wa kahawa ni mwongo. Uchungu wa chokoleti ni mkweli zaidi, kwa sababu unatokana na kakao yenyewe, na kakao ndiyo yenye kafeini. Ile asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi inakuambia ni sehemu gani ya chokoleti imetoka kwenye mbegu ya kakao, unga wake na mafuta yake kwa pamoja. Chokoleti nyeusi ya asilimia 70 hadi 85 ina takriban miligramu 80 za kafeini kwa gramu 100. Chokoleti ya maziwa ina kama 20. Chokoleti nyeupe haina kabisa, kwa kuwa imetengenezwa kwa mafuta ya kakao bila ule unga wake. Lakini aliyezoea nyeusi akipewa nyeupe ataona amepewa sukari iliyovaa suti.

Kwa hiyo chokoleti peke yake haimnyimi mtu usingizi kwa kafeini. Vipande viwili vya gramu 10 kila kimoja ni miligramu 16. Kinachosumbua ni kwamba inakuja juu ya kahawa, na inakuja usiku. Pia ina mwenzake, theobromini, ambayo kwenye chokoleti nyeusi ni nyingi karibu mara kumi ya kafeini. Ni ndugu yake mpole: haiamshi sana ubongo, lakini inaugusa moyo na mishipa, na inakaa mwilini kwa saa nyingi. Mtu anayehisi moyo kwenda mbio baada ya nusu chokoleti nyeusi hajirogi. Na kama una mbwa nyumbani, usimpe hata kipande. Kwake theobromini ni sumu kabisa.

Huwa nasikitika kidogo ninapoandika haya nikiwa Tanzania. Kakao inalimwa Kyela, Rungwe na bonde la Kilombero. Majirani wanailima Bundibugyo, Uganda, na kando ya Beni, Kongo. Wakulima huitoa kwenye ganda, huivundika siku kadhaa hadi ule utando mtamu unachachuka, huianika, na sehemu kubwa inapakiwa melini ikiwa mbegu tupu. Kisha dada yangu ananirudishia kutoka Ujerumani ikiwa imevaa karatasi ya dhahabu. Lakini hiyo ni makala nyingine.

Ninachofanya sasa na chokoleti ni hiki. Nimeihamisha kutoka taarifa ya habari ya usiku kwenda baada ya chakula cha mchana. Nakula vipande viwili, na sivitafuni. Mafuta ya kakao yanayeyuka karibu na joto la mwili, ndiyo maana chokoleti na Dar es Salaam hawapatani. Basi naliachia joto la ulimi lifanye kazi. Kipande kimoja kinachukua karibu dakika mbili kuisha, na ladha zinakuja kwa zamu: kwanza uchungu, halafu kitu kama zabibu kavu, mwisho uchachu kidogo. Zamani nilikuwa namaliza gramu 50 bila kukutana na ladha hata moja ya hizo. Hifadhi chokoleti yako sehemu ya chini ya friji, ndani ya kopo lenye mfuniko. Ikitoka na vumbi jeupe usiitupe ukidhani ni ukungu; ni mafuta yake yaliyopanda juu kwa kubadilishiwa joto.

Usiku, hamu ya chokoleti ikinishika kweli, nakoroga kijiko cha chakula cha unga wa kakao usio na sukari kwenye maziwa ya moto, na mdalasini. Kijiko hicho kina kama miligramu 12. Ni kikombe kikubwa, kizito, cheusi, na kinaridhisha kuliko nilivyotarajia.

Kahawa ya asubuhi sikuigusa. Naomba nisisitize hapa, kwa sababu wengi wakiamua kupunguza wanaanza na kile kikombe kitamu kuliko vyote, wanajichukia, na baada ya siku nne wamerudi kule kule. Kikombe unachokipenda kuliko vyote kiache kama kilivyo, tena kiboreshe. Mimi nilihama kutoka kahawa ya kuyeyuka kwenda arabika ya kusaga, vijiko viwili vya chakula vilivyosawazishwa, maji mililita 170 yaliyotulia kidogo baada ya kuchemka, nachuja kwa karatasi. Hapo nina kama 100 za kafeini, na harufu inafika hadi sebuleni. Karatasi ina faida nyingine: kahawa ya kuchemshwa bila kuchujwa inabaki na mafuta yanayopandisha kolesteroli, na karatasi inayanasa. Mwenye kolesteroli ya juu alifikirie hilo kabla ya kukaa kijiweni kila siku. Na mwenye upungufu wa damu, au mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma, asinywe kahawa wala chai pamoja na mlo au vidonge hivyo. Asubiri saa moja hivi, kwani vinywaji hivyo huzuia chuma kufyonzwa.

Vikombe vya kupunguza ni vile usivyovikumbuka. Magi yangu ya pili ya ofisini nilikuwa nainywa ikiwa imepoa, macho kwenye kompyuta. Hiyo ndiyo niliyoikata.

Halafu ipo kahawa iliyotolewa kafeini. Siku hizi inapatikana kwenye maduka makubwa ya Dar, Nairobi na Kampala, ingawa bei yake inauma. Watu wanaidharau kama maji ya kuoshea dele. Kazi ya kuitoa kafeini kwenye buni ina historia ndefu: Mjerumani Friedlieb Runge aliitenga kafeini mwaka 1819, akitumia buni alizopewa na mshairi Goethe, na mwanzoni mwa karne ya 20 mfanyabiashara wa Bremen, Ludwig Roselius, akaanza kuuza kahawa iliyotolewa kafeini. Yeye alitumia benzini, kitu ambacho leo hakuna ambaye angekubali kukikaribisha kikombeni. Siku hizi buni mbichi hutolewa kafeini kwa maji, kwa kabonidioksaidi yenye mgandamizo mkubwa, au kwa viyeyushi vingine, kisha ndipo hukaangwa. Kikombe chake kinabaki na kafeini kidogo, kati ya miligramu 2 na 15. Ukipata iliyotolewa kwa maji, ikakaangwa karibuni na ikasagwa nyumbani, utashangaa. Tahadhari moja tu: mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo asidhani ameokoka, maana hata hii inaweza kuamsha asidi tumboni.

Mimi huitumia kwa kuchanganya. Kwenye kopo moja naweka robo ya kahawa isiyo na kafeini na robo tatu ya kawaida. Wiki ya pili nusu kwa nusu. Wiki ya tatu robo tatu kwa robo. Ulimi haujui tofauti, na kichwa hakipigi. Anayekata ghafla atapigwa na maumivu ya kichwa ndani ya saa 12 hadi 24, na yanaweza kumfuata siku kadhaa, wengine zaidi ya wiki.

Wanaofunga Ramadhani wanayajua maumivu haya hata kama hawajui jina lake. Siku ya kwanza na ya pili, baada ya alasiri, kichwa kinabana kama kilemba cha mtu mwingine, na tunasema ni njaa, ni kiu. Mara nyingi ni kahawa ya asubuhi iliyokosekana. Dawa yake inaanza mwezi wa mlisho: katikati ya Shaabani anza kupunguza kidogo kidogo, na kikombe cha asubuhi kisogeze hadi kiwe cha jioni kabla mwezi haujaandama. Ramadhani ikiingia, kunywa kikombe kimoja kidogo mara baada ya futari, kabla ya tarawehe, si baada yake. Najua barazani baada ya tarawehe ndiko mazungumzo yaliko. Nitakuja hapo.

Kwa usiku kuna vinywaji vyenye uchungu, ukali na joto bila kafeini, na kwetu Uswahilini havihitaji kuvumbuliwa. Tangawizi iliyopondwa na maganda yake, mdalasini, iliki tatu nne, karafuu moja (mbili zinageuza kinywaji kuwa dawa ya meno), vichemke dakika kumi. Mchaichai ni wa watu wenye haraka. Lakini kilichonikamata mimi ni kahawa ya kokwa za tende. Shemeji yangu aliyeishi Maskati miaka mingi ndiye aliyenifundisha. Kokwa zinaoshwa hadi ziache kunata, zinakaushwa juani siku mbili, zinakaangwa kwenye sufuria nzito huku unazikoroga bila kukoma hadi ziwe nyeusi na harufu ibadilike kutoka kuni kuwa karanga zilizoungua kidogo. Hapo ziondoe haraka. Usijaribu kuzisaga kwa blenda ya nyumbani. Nilifanya hivyo, blenda ikafa na kokwa zikabaki nzima. Zipeleke kwa msaga viungo sokoni. Unga wake unachemshwa kama kahawa, na iliki. Hauna kafeini hata chembe. Si kahawa, na anayekuambia huwezi kutofautisha anakudanganya, lakini una uchungu wake wa heshima, na kashata inauzoea.

Shemeji huyo huyo ndiye aliyenifundisha namna ya kutoka barazani. Kule Omani mwenye dele haachi kukumiminia hadi umwambie basi, na kumwambia basi hakuhitaji maneno: unakitikisa kikombe kitupu kidogo kwa kifundo cha mkono, kulia kushoto, unamrudishia. Hakuna anayeuliza kwa nini, wala mazungumzo hayakatiki. Nikasema, hiki ndicho nilichokikosa. Kijiweni kwetu kikombe kikiwa kitupu kinajazwa, na kukataa kunahitaji maelezo, na maelezo yanaleta mada ya presha, na mada ya presha inaleta kila mtu na daktari wake.

Sasa nakwenda kijiweni kabla ya saa tisa alasiri badala ya baada ya isha, nakunywa viwili. Usiku nikienda, nakwenda na chupa yangu ndogo ya chai yenye kahawa ya tende, mzee ananiazima kikombe chake, nalipia kashata. Na mchana, baada ya kikombe cha pili, natikisa. Mara ya kwanza mzee alikipokea, akakichungulia ndani kwa muda mrefu, akakigeuza chini juu, akanitazama.

"Kulikuwa na mdudu?"